Kazi Yetu Imekufa

Wiki iliyopita jirani yetu hapa Kakiika, pembeni mwa mji wa Mbarara, alikuwa anakata miti yake ya kalitusi auze nguzo. Mapanga yalianza kabla sijamaliza kufagia ua, na upepo ukaleta ile harufu mpaka jikoni: kali kidogo, kama dawa ya kifua, na chini yake kitu kitamu cha jani bichi lililovunjwa. Nilisimama na ufagio mkononi. Wengine harufu hiyo huwakumbusha mafua, sufuria ya maji ya moto na blanketi kichwani. Mimi hunikumbusha vumbi, soda ya chungwa, na vigelegele vya wanawake wasionijua. Kwa miaka mingi niliihesabu siku ile ya kalitusi kuwa siku tamu kuliko zote za utoto wangu. Nawaambia mapema ili mjue ni nani anayewasimulia: mtu aliyecheka mahali pa kulia.

Shule sikuifikisha mbali, na mambo mengine niliyapata kwa kusikia watu wazima wakizungumza juu ya kichwa changu. Kwa hiyo nisipokuwa na hakika nitasema sina hakika.

Tulikuwa tunakaa Nakivale, kambi ya wakimbizi kando ya ziwa huku Uganda, upande wa sisi Wakongomani, katika nyumba ya udongo iliyoezekwa turubai. Wazazi wangu walitoka Kivu ya Kusini, upande wa Uvira, mimi nikiwa mgongoni mwa Mama. Baba alikuwa kapita. Nyumbani kapita ni yule anayesimamia vibarua, na Baba alisimamia vibarua wa barabara. Kampuni moja ilikuwa imepewa kazi ya kutengeneza barabara za mle kambini, ikachukua wanaume wa mtaa wetu kuchimba mitaro, kuvunja mawe na kusambaza udongo mwekundu nyuma ya greda. Bosi wa kampuni alikuwa Mganda, Kiswahili chake kilikuwa cha kuamrisha tu, na Baba ndiye aliyekigeuza kikawa maneno ambayo watu wangeweza kuyafanyia kazi bila kununa.

Alikuwa na filimbi ya chuma, ameitia kamba ya kiatu, anaivaa shingoni hata siku ya Jumapili chini ya shati la kanisani. Alfajiri akiipuliza, wanaume walijipanga mistari miwili, mmoja kila upande wa barabara, chepe begani. Hakuna aliyeambiwa asimame wapi. Kila mtu alijua mwenzake wa mbele na mwenzake wa nyuma, na mistari ile ilianza kutembea kama miguu ya mtu mmoja. Sisi watoto tuliiga mchezo huo kwa vijiti. Mchana Baba aliporudi alinuka udongo na dizeli, na aliosha miguu yake polepole, akizungumzia barabara kama mtu anayezungumzia ng'ombe wake: hapa imeshiba, hapa bado ina njaa, pale kwenye mteremko mvua itatusema.

Kisha greda ikafa. Katika Kiswahili chetu kila kinachoharibika kinakufa: redio inakufa, saa inakufa, baiskeli inakufa. Ilikaa siku nyingi kando ya njia, mbuzi wakilala chini ya tumbo lake, halafu lori likaja kuivuta. Bosi alisimama mbele ya watu waliojipanga mistari miwili akasema, "Kazi kwisha. Nyinyi rudi nyumbani." Hakutoa sababu nyingine. Lakini nisimwonee, labda naye alikuwa ameambiwa hivyohivyo na mtu mwingine mahali pengine.

Baba alirudi nyumbani asubuhi, saa ambayo hatukuzoea kumwona. Mama akamuuliza kuna nini. Akasema, "Kazi imekufa."

Mwaka ule mvua pia ilitukosea. Mahindi ya shamba letu dogo yalisimama yakafika kifuani mwangu yakakauka. Chakula cha mgao kilikuwepo lakini hakikutosha, na wanaume waliozoea kuondoka alfajiri walibaki karibu na bomba la maji, wakicheza dama kwa vizibo vya chupa. Walijiita bashomeri, neno tulilotoka nalo Kongo, la watu wasio na kazi. Mwanzoni walijiita hivyo kwa utani. Wanawake waliokuja kuchota maji waliwatania pia: mmoja aliuliza kama soko la waume limefunguliwa, na kama bei bado iko juu. Wanaume walicheka. Baada ya miezi hawakucheka tena, na yule mama akaacha kuuliza.

Wazo la kwenda Mbarara lilizaliwa pale kwenye dama. Walisema kampuni ni mkono tu, kichwa ni serikali, na kichwa kiko Mbarara. Wataenda kwa miguu, wote pamoja, waombe serikali irudishe kazi ya barabara. Waliomba ruhusa ya kutoka kambini, wakaambiwa wasubiri, wakasubiri, kisha wakaondoka bila ruhusa. Sitaki kulificha hilo, maana baadaye lilihesabiwa dhidi yao, na lilikuwa kweli.

Jambo lililowasumbua ni lugha. Kinyankore, lugha ya wenyeji wa Mbarara, hawakukijua, Kiingereza hawakukijua, na Kifaransa cha wachache wao kule hakina mtu. Aliyepata dawa alikuwa Shemasi Asukulu, mzee wa kanisa letu, mrefu, mwenye sauti ya chini, aliyekuwa akivunja mawe na wenzake ingawa mvi zilikuwa zimemjaa. Walikutana uani kwetu na mimi nilikuwa nachambua maharage, kwa hiyo haya niliyasikia kwa masikio yangu.

"Luga yabo hatuijue," alisema. "Lakini matawi, batu bote banaijua. Ukibeba jani, hakuna mwenye atakuuliza unaendaka wapi."

Ninyi mliokulia kwingine huenda hamjui. Kwetu Kivu, kukiwa na msiba, vijana huvunja matawi mabichi na kuyalaza barabarani karibu na nyumba ya kilio, magari yapunguze mwendo. Wanaomsindikiza marehemu hubeba matawi mikononi. Wapita njia wakiyaona husimama, wanaume huvua kofia, hata mlevi hunyamaza. Hakuna haja ya kutangaza. Shemasi alitaka waingie Mbarara hivyo: kimya, na matawi, kama watu wanaosindikiza maiti. Serikali ingetoka yenyewe kuuliza nani amekufa.

Mama, aliyekuwa akikoroga uji, hakuweza kujizuia. "Mutu akikufa tunabeba matawi, shemasi. Sasa greda njo mutu?"

Watu walicheka. Baba hakucheka. Alisema, "Hapana greda, Mama Nyota. Kazi."

Baba ndiye aliyechaguliwa kusema, kwa kuwa alikuwa kapita. Alitaka aseme kwa Kiswahili safi, kile cha Biblia, ili mtu yeyote wa serikali asikose kuelewa. Akatunga maneno yake akiwa analima, akayapunguza mpaka yakabaki haya: "Kazi yetu imekufa. Tumekuja kuilia. Tunaomba serikali itufute machozi." Alimjaribishia Mama, akanijaribishia mimi, akamjaribishia mdogo wangu aliyekuwa bado ananyonya. Niliyajua kwa moyo kabla hatujaondoka, kama aya ya Jumapili.

Wanawake kadhaa walikwenda pia, kupika njiani, na Mama alikuwa mmoja wao. Mdogo wangu alikwenda mgongoni mwake, na mimi nilichukuliwa kwa sababu hapakuwa na wa kuniachia. Meno yangu ya mbele yalikuwa yameng'oka, na wanaume walinitania njia nzima kwamba serikali ikiniona itadhani nimepigana. Tulipita milima yenye ng'ombe wa pembe ndefu waliotutazama bila haraka. Tulilala katika kanisa moja la njiani ambalo watu wake walitupa viazi na hawakutuuliza maswali mengi. Asubuhi ya pili, tulipokaribia mji, tulikuta msitu mdogo wa kalitusi, na mwenye msitu akaturuhusu tuvunje matawi ya chini. Harufu ilitufunika. Kila mtu alichukua lake, na mimi nikapewa dogo. Shemasi alisali. Kisha Baba akatoa filimbi nje ya shati, lakini hakuipuliza. Alisema kwenye kilio hakuna filimbi. Watu walijipanga wenyewe, mistari miwili.

Kitu ambacho hakuna kati yetu aliyekijua ni kwamba Mbarara ilikuwa katikati ya kampeni. Kambini tulisikia habari za uchaguzi kama mtu anavyosikia mvua ya kijiji kingine. Wala hatukujua kwamba katika nchi hii, watu wakienda kumshangilia mgombea wao, huvunja matawi mabichi na kuyapeperusha.

Tukaingia kwa upande wa Kakoba. Nakumbuka maduka yenye milango ya rangi, baiskeli zilizopakia ndizi, moshi wa nyama. Nyuso zetu zilikuwa za matanga. Mama alikuwa amefunga kitambaa kiunoni kama mfiwa. Basi, mwanamke mmoja mwenye meza ya nyanya akatuona, akainua mikono, akapiga kigelegele. Mwingine akamjibu ng'ambo ya barabara. Vijana wa bodaboda wakaanza kutupigia honi, pii pii piii, wakatuzunguka wakicheka, mmoja akamrushia Shemasi kofia yake hewani badala ya kuivua kwa heshima. Watoto wakatufuata wakicheza. Sikuwahi kupendwa na watu wengi hivyo. Niliinua tawi langu juu, nikalitikisa, na kelele zikazidi.

Mama alimsogelea Baba. "Banatuchekelea mu kilio?"

"Iko desturi yabo," Baba alisema. "Nyamaza, mama. Tutembee tu."

Hapo ndipo alipotokea mtu wa kipaza sauti. Alikuwa kijana mnene mwenye jasho, ameketi juu ya pikapu, amevaa fulana yenye uso wa mtu mkubwa kifuani. Alishuka akaja kwa Baba mbio, kwa sababu ya ile filimbi nadhani. Alijua huyo ndiye kiongozi.

"Nyinyi natoka wapi?"

"Nakivale," Baba alisema.

"Nakivale! Kwa miguu?" Akamshika Baba mabega. "Mzuri sana. Mzuri sana, mzee. Kuja, kuja. Mkubwa nangoja nyinyi."

Nimeifikiria mara nyingi dakika hiyo. Baba hakuwa mjinga. Lakini kule alikokulia, tangu utoto wake hata amekuwa na mke, mtu aliyekuja na gari, kipaza sauti na kitambaa chenye uso wa mkubwa, huyo ndiye alikuwa serikali. Hakukuwa na mwingine. Kwa hiyo Baba aliuona ule uso kwenye fulana, akamgeukia Shemasi, na machozi yalikuwa yanamlenga. Alisema, "Serikali imetupokea."

Wakatugawia fulana. Wanaume walizivaa juu ya mashati yao, maana kukataa zawadi ya serikali ni utovu wa adabu. Yangu ilinifika miguuni. Tukapewa soda, na ile yangu ilikuwa ya chungwa, baridi mpaka ikaniuma mahali pa meno yaliyong'oka. Mtu wa kipaza alitutazama tukinywa kimya, akaonekana kushangaa. Alimuuliza Baba kwa nini watu wake wamenuna kama msibani. Baba akasema ndiyo. Yule akacheka sana, akampiga begani, akamwambia apulize filimbi.

Baba alisita. Kisha akaipuliza, na hakujua mlio mwingine ila ule wa alfajiri. Wanaume wetu waliposikia mlio huo, baada ya miezi yote ile, miguu yao ilitii kabla ya vichwa. Walijipanga mistari miwili, matawi begani kama machepe, wakaanza kutembea. Mji ulipiga makofi. Wengine walisema, nilivyokuja kuambiwa baadaye, kwamba hawajawahi kuona wafuasi wenye nidhamu kama wale wa ziwani.

Walitupeleka kwenye kiwanja, mbele kabisa, karibu na lori lililofanywa jukwaa. Mgombea alizungumza muda mrefu kwa Kinyankore. Alikuwa na sauti nzuri, na alitunyooshea mkono mara mbili, na mara zote mbili watu walishangilia, tukashangilia na sisi. Baba alikuwa amesimama wima, midomo yake ikitembea. Nilijua anachosema ndani. Mgombea alipomaliza, Baba akanyoosha mkono kama mwanafunzi. Mtu wa kipaza akamwona, akafurahi, akamvuta juu ya lori na kumpa kipaza.

Nilimwona baba yangu juu ya watu wote. Aliishika filimbi kwa mkono wa kushoto na kipaza kwa mkono wa kulia. Sauti yake ilitoka kubwa mpaka yeye mwenyewe akashtuka.

"Kazi yetu imekufa," alisema. "Tumekuja kuilia. Tunaomba serikali itufute machozi."

Kisha akashusha kipaza, kwa sababu hayo ndiyo yote.

Mtu wa kipaza akachukua chombo chake akageuza maneno hayo kwa Kinyankore. Kiwanja kilipasuka. Watu walicheka, wakaruka, wakarusha matawi hewani, wanawake wakapiga vigelegele mpaka wakakohoa. Mgombea mwenyewe alicheka akajipiga paja, akamkumbatia Baba. Baba alishuka akaja kwetu. Mama alimuuliza kwa nini wanacheka. Alisema, "Banafurahi juu tulifika. Banasikia, Mama Nyota. Banasikia yote."

Nilimaliza soda yangu. Nilifikiri: kumbe serikali ndiyo hii, ni nzuri hivi, na baba yangu amezungumza nayo ikamkumbatia.

Jioni watu walitawanyika na sisi tukabaki kiwanjani, tukisubiri kuambiwa kazi itaanza lini. Pikapu ilikuwa imekwenda. Waliokuja ni polisi. Nataka kusema wazi kwamba hawakumpiga mtu. Mkubwa wao alikuwa mtu wa makamo, amechoka, akaomba kadi zetu, akaziangalia, akapumua.

"Nyinyi watu ya kampi. Nani naleta nyinyi kwa siasa?"

"Siasa gani, afande?" Baba aliuliza. "Tumekuja kulilia kazi."

Yule polisi akagusa kifua cha Baba kwa kidole, pale palipokuwa na uso wa mgombea. "Na hii?"

Baba aliinamisha kichwa akatazama kifua chake, kana kwamba ndiyo kwanza anaona kuwa amevaa mtu.

Tulirudishwa Nakivale kwa lori. Yule afande aliwaweka akina mama wenye watoto mbele kwa dereva, na mimi nilifurahia hilo pia, maana sikuwahi kupanda mbele.

Mgombea wa kwenye fulana alishindwa. Aliyeshinda ni mpinzani wake, mheshimiwa aliyekuwa na kiti tangu zamani. Baada ya muda alikuja mtu kutoka ofisi ya kambi, akaita mkutano chini ya turubai la shule. Hakupaza sauti, wala hakututukana. Alisema mkimbizi haruhusiwi siasa, na kwamba watu wa mtaa wetu walikwenda mjini wakamtukana mheshimiwa hadharani, na mheshimiwa ameambiwa. Alisema greda itarudi, barabara itaendelea, lakini vibarua watachukuliwa mitaa mingine. Nadhani alikuwa amepewa maneno hayo kama alivyopewa yule bosi ya kwake.

Baba alisimama. "Nilimutukana fasi gani?"

"Wewe ndiye uliyesema," yule mtu alimjibu. "Unajua ulichosema."

Greda ilirudi kweli. Kila alfajiri tulisikia filimbi ya kapita mwingine, ya plastiki, yenye mlio wa kukwaruza, na Baba kitandani aligeukia ukutani. Filimbi yake ilitundikwa msumarini na haikuteremka tena. Wanaume wa mtaa wetu walitawanyika: wengine walikwenda kubeba magunia Kakoba, wengine kuchunga ng'ombe wa watu. Hawakumlaumu Baba mbele yake. Lakini walipocheza dama na yeye akafika, mchezo ulikwisha haraka.

Kilichomla hakikuwa kukosa kazi peke yake. Alikuwa akiwatafutia watu sauti ya wimbo kanisani, yeye wa kwanza na sisi kufuata, akaacha. Hata kuomba kwa sauti aliacha. Aliogopa kinywa chake. Niliwahi kumkuta shambani, amevaa ile fulana ndani nje kwa sababu kitambaa kilikuwa bado kizima, ameegemea jembe, akisema polepole: "Kazi yetu. Kazi yetu imekufa." Alisimama, akafikiri. "Tumekuja kuilia." Alikuwa anapima kila neno, anatafuta tusi liko wapi. Aliwahi kumuuliza Shemasi kama "kuilia" ni vibaya, kama huenda kwa Waganda ni neno la chumbani. Shemasi hakujua. Aliwahi kuniuliza mimi, nilipoanza kushika Kinyankore cha sokoni, kama "machozi" kwao ina maana nyingine. Nilisema hapana. Akasema basi ni "serikali", labda hakuisema kwa heshima. Mama alimwambia aache, watoto wanasikia. Hakuacha. Aliitafuta fasi ile, mahali pale pa tusi, miaka mingi.

Alikufa kwa ugonjwa wa kifua, mimi nikiwa tayari nimeolewa. Shemasi Asukulu, mzee sana wakati huo, alikuja na vijana waliobeba matawi ya kalitusi kumsindikiza kama anavyosindikizwa mtu wa kwetu. Mama alisimama mlangoni.

"Hapana matawi," alisema.

Shemasi aliyalaza chini. Tulimpeleka Baba mikono mitupu, katikati ya barabara aliyoitengeneza, na lori moja la mizigo lilitupita kwa kasi likatumwagia vumbi, kwa kuwa halikuona kitu cha kulisimamisha.

Sasa nirudi kwenye ufagio wangu. Mama Akampa, mke wa jirani mwenye miti, alikuja uani kwangu wiki ile kuniletea matawi makavu ya kuwashia moto. Ni mtu mwema. Mwanangu alipolazwa ndiye aliyenipikia. Tukakaa, tukamenya matoke, na harufu ile imetuzunguka. Akaanza kucheka peke yake. Alisema kalitusi humkumbusha kampeni za usichana wake, na kiwanja kimoja alichokwenda, ambako walikuja watu kutoka upande wa ziwa wakamzika mheshimiwa akiwa hai.

Nilimuuliza walimzikaje.

Akasema, kwa Kinyankore chake, huku anafuta macho: walikuja wamenuna hivi, wamejipanga, na mzee wao mwenye filimbi alipanda lori akasema kitu kwa Kiswahili. Kiswahili wao hawakukijua, lakini yule kijana akawafasiria. Kwamba: mheshimiwa wa zamani amekufa, hawa wa ziwani wamekuja na matawi kumzika, na huyu mpya ndiye atakayewafuta machozi. Hatujacheka hivyo tena Mbarara, alisema. Mpaka leo mtu akishindwa uchaguzi tunasema mwiteni mzee wa filimbi.

Kisu changu kilisimama kwenye ndizi. Sijui kama yule kijana alidanganya. Nimejaribu kumtendea haki. Alisikia imekufa, alisikia kulia, akaona matawi na nyuso za msiba, na ilikuwa kampeni. Labda Kiswahili chake kilimfikisha hapo tu, na hapo alipofika alishangiliwa. Mama Akampa alicheka kwa sababu ilichekesha. Na mimi siku ile nilikuwa mbele ya lori na soda, nacheka pamoja naye.

Nilimwambia, "Yule mzee alikuwa baba yangu."

Aliweka mkono mdomoni. "Bambi," alisema, neno lao la kumpa mtu pole. Kisha akauliza, taratibu, alikuwa amesema nini hasa.

Nikamwambia. Nilichukua maneno ya Baba moja moja nikayapitisha kwa Kinyankore: kazi, yetu, imekufa. Niliendelea mpaka kwenye machozi, huku nikiitafuta na mimi ile fasi aliyoitafuta yeye, mahali neno lingeteleza likawa tusi. Halikuteleza hata moja. Kila neno lilipata mwenzake upande wa pili, na yote yakaisha kabla sijamaliza pumzi.

Haikuwa sentensi ngumu.